Stanley Awe wa Mwisho: Kutafuta Vyanzo vya Historia ya Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Pale Ujiji, kwenye kiwanja cha kumbukumbu chenye miembe, lipo jiwe linalosema kwamba Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mahali hapo tarehe 10 Novemba 1871. Wageni hulipiga picha, watoto wa shule hunakili tarehe kwenye madaftari, na mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu ya historia huiweka katika ukurasa wake wa kwanza bila wasiwasi. Lakini shajara ya Livingstone mwenyewe, kama ilivyochapishwa London mwaka 1874, inauweka mkutano huo katika siku za mwisho za Oktoba. Mzee alikuwa amepoteza hesabu ya siku huko Manyema, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Stanley naye aliugua homa njiani na hesabu yake ikayumba. Tena katika shajara ya Stanley, ambayo leo inatunzwa kwenye makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, kurasa za tukio lile zimechanwa.

Hilo ndilo tukio la Ujiji lililoandikwa kuliko mengine yote. Lilikuwa na mashahidi wawili waliojua kusoma na kuandika, wenye wino na karatasi, na bado hatuna tarehe moja tunayoweza kuiapia. Itakuwaje basi kwa mambo ambayo hakuna msafiri aliyeona sababu ya kuyaandika: bei ya chumvi ya Uvinza sokoni, mwanamke aliyevushwa kutoka Manyema bila ndugu hata mmoja, mvuvi aliyeamka mwaka hadi mwaka akikuta maji yamezidi kuukimbia ufuko?

Nauliza hivyo kwa sababu naona kosa linalowagharimu sana vijana wetu wanaosoma historia, na kosa lenyewe ni la mpangilio. Wanaanza na Stanley. Anapatikana upesi, yumo kwenye intaneti bure, ana majina ya mahali, ana tarehe, ana michoro. Wakishamaliza Stanley wanakwenda kwa wasafiri wenzake, Burton, kisha Cameron, na kabla hawajagundua, maswali yao yote yamekuwa maswali ya wapita njia: nani alitawala hapa, ziwa lina urefu gani, mto upi unaingia na upi unatoka. Hata wakienda kwa wazee, wanakwenda kuthibitisha kile alichosema Stanley. Rai yangu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Stanley asomwe, tena kwa makini, lakini awe wa mwisho.

Kwanza neno kuhusu istilahi. Tunafundishwa kwamba chanzo cha msingi ni kile kilichotoka kwa mtu aliyeshuhudia au kilichozaliwa wakati wa tukio, na chanzo cha upili ni maandishi ya aliyekuja baadaye akakusanya ya wengine. Ni sahihi, ila kinachoamua ni swali ulilouliza. Kitabu cha shule cha wakati wa Mwingereza ni chanzo cha upili kuhusu msafara wa Burton, lakini ni chanzo cha msingi kabisa kuhusu yale ambayo serikali ile ilitaka watoto wa Kigoma waamini. Kwa hiyo mwanafunzi asiyekuwa na swali hana chanzo chochote, hata akijaza begi.

Tuanzie nyumbani, kwenye sanduku. Katika nyumba nyingi za Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini lipo sanduku la bati au la mbao chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake, katikati ya kanga zilizokunjwa, zimo karatasi: stakabadhi za kodi ya kichwa, cheti cha ubatizo au cha ndoa, kadi ya TANU, picha ya studio, barua zilizotoka Tanga. Ukibahatika kimo pia kipande.

Vijana wengi hawajapata kukiona. Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Kila siku kibarua alipomaliza kazi aliyopimiwa, kadi ilitiwa alama. Siku zote 30 zilipotimia ndipo alipohesabiwa mshahara wake. Waha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowasafirisha watu kutoka mikoa ya mbali kama huu wetu hadi Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba ndiyo iliyoitwa. Ripoti za serikali zitakwambia ni wangapi walisafiri mwaka fulani. Kipande kinakwambia jambo ambalo ripoti haiwezi: mtu huyu, mwenye jina hili, alianza tarehe hii, akakosa siku hizi, akachukua muda huu kuzitimiza siku zake 30.

Kipande kimoja hakithibitishi jambo kubwa. Lakini mwanafunzi akipata 15 kutoka kijiji kimoja, akazipanga tarehe zake dhidi ya majira ya kilimo ya Buha, nchi ya Waha, ataanza kuona wanaume waliondoka lini, nani alibaki kulima maharage na mihogo, na ni miaka gani safari zilizidi. Hapo ana utafiti ambao haujapata kufanywa na profesa yeyote wa Ulaya, na hakulipa nauli ya kupita Kasulu. Karatasi isiondolewe nyumbani. Ipigwe picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, mbele na nyuma, pamoja na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Iandikwe ni ya nani, ilifikaje kwa anayeitunza, na nani alikuwapo ikifunguliwa. Kisha picha isafishwe na mwenye karatasi apelekewe nakala. Mwanafunzi anayeahidi nakala halafu harudi anamharibia njia mwenzake wa mwaka unaofuata, na nimeona milango ikifungwa kwa sababu hiyo.

Baada ya sanduku ni mwenye sanduku. Hapa tuna mfano wa kwetu ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walisambaa kusini mwa Tanzania kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1905, miaka 63 kabla. Waliwakuta wazee waliopigana, waliokunywa maji, waliokimbia njaa. Maandishi yaliyotokana na kazi ile yamekuwa nguzo ya kila kitabu kizito kilichoandikwa tangu hapo kuhusu vita vile, na waliofanya kazi ya kuuliza na kuandika walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Ukihesabu miaka kama hiyo kutoka leo kurudi nyuma unafika miaka ya 1960. Mwambao wetu katika kipindi hicho ulikuwa na mambo! Mwaka 1965 Kigoma ilikuwa mlango wa nyuma wa vita vya mashariki ya Kongo. Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka hapa mwezi Aprili mwaka huo, na shajara yake imechapishwa. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walivuka kwa maelfu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kaya zikahamishwa, mashamba ya zamani yakaachwa na makaburi yake. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amepita 70. Yuko Mwandiga, yuko Kalinzi, anakaa barazani jioni. Kila mwaka tunaochelewa, orodha ya mashahidi inapungua, na hilo ndilo linalonifanya nisisitize kwamba nyaraka zilizokaa kabatini zisubiri kidogo, wazee wasisubiri.

Kuna tofauti hapa ambayo tasnifu nyingi huichanganya. Mzee anayesimulia alivyohamishwa mwaka 1974 anatoa ushahidi wake mwenyewe. Mzee huyohuyo akisimulia jinsi wami, yaani watawala, wa Heru walivyopata utawala, anatoa mapokeo, yaani neno lililopitia vinywa vingi kabla halijamfikia. Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi, majirani zetu hasa, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba mapokeo ni chanzo halali cha historia mradi yahojiwe kama hati inavyohojiwa: nani aliyatunza, kwa faida ya nani, yamesimuliwa wapi, na kwa nini yana matoleo mawili. Mapokeo ya ikulu ya mwami hayafanani na ya wateko, wale wenye dhamana ya ardhi waliokuwepo kabla ya watawala. Msikilize mmoja tu, nawe umechagua upande bila kujua.

Ujiji ina tatizo lake la pekee. Wageni wamekuja kuuliza habari za Livingstone kwa zaidi ya karne nzima, na majibu yamejifunza kuwa mazuri. Mzee anaweza kukusimulia mkutano wa chini ya mwembe kwa ufasaha wa kukutoa machozi, na kila neno likawa limetoka kwenye kitabu cha darasa la nne, kwenye maelezo ya waongoza wageni, au kwenye lile jiwe. Hakudanganyi. Ndivyo alivyolipokea. Kinachosaidia ni kumuuliza lile ambalo vitabu havikuliuliza: mtaa huu uliitwaje zamani, nani alizikwa pale, kwa nini ukoo huu hauoi kule, ngoma hii ilitoka ng'ambo ipi.

Na kuna swali ambalo halipaswi kuulizwa kwa pupa. Ujiji ya karne ya 19 ilijengwa na Wajiji, Waswahili wa Mrima, Waarabu, na watu wengi mno walioletwa kutoka ng'ambo ya magharibi, ambao wajukuu wao tunawaita Wamanyema. Wengine walikuja huru, wakifuata biashara au kazi ya upagazi. Wengine waliletwa wakiwa watumwa. Katika mji ambao neno muungwana lilibeba heshima yote ya mtu, familia zilikuwa na sababu ya kusahau, na kusahau kule kuliwalinda watoto. Anayekuja na kinasa sauti na kuuliza "bibi yenu aliletwa na nani?" mbele ya wakwe atafungiwa mlango, na ni haki yake kufungiwa. Historia hiyo ipo, na inasomeka kwa upole zaidi katika majina, katika vyama vya ngoma na vya twarika, katika nani aliyerithi kiwanja na nani aliyeachiwa matumizi tu. Mwanafunzi akijaliwa kuambiwa, aandike bila jina. Ninaamini kwa dhati kwamba tasnifu isiyo na jina la mtu ni bora kuliko aibu iliyotundikwa mlangoni mwa familia.

Sasa twende kwenye maandishi, na hapa tuanze na ya Kiswahili, maana hapa ndipo mwanafunzi wa Kigoma ana utajiri ambao mwenzake wa London anautafuta kwa miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia kwenye herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Whiteley akayatoa tena Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Mwanafunzi asome upande wa Kiswahili. Namna Tippu Tip anavyotaja deni, mali, vita na udugu ina uzito ambao tafsiri haiubebi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo imo safari ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara na msafara wa biashara hadi pande za Ziwa Tanganyika. Msafara unaonekana kwa macho ya aliyekuwa ndani yake: hongo kwa machifu, njaa, wapagazi wanaotoroka, bei.

Lakini nao waliandika wakijua nani atasoma. Tippu Tip alikuwa mzee Unguja, biashara yake ya bara imekwisha, na msomaji wake wa kwanza alikuwa Mjerumani. Velten aliwaomba watu wake waandike. Ukilikumbuka hilo utaelewa kwa nini baadhi ya mambo yamenyamaziwa, na ukimya wenyewe utakuwa sehemu ya ushahidi.

Kuna pia Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lililochapisha barua na mashairi ya wasomaji kutoka pembe zote za Tanganyika. Wengi hulidharau kwa kuwa lilikuwa la serikali. Serikali ndiyo iliyochagua nini kichapishwe, kweli, lakini watu waliandika kwa kalamu zao: malalamiko kuhusu mahari, sifa za mji, majibizano ya washairi. Wanaosoma Kiswahili kama lugha ya kwanza wanasikia kejeli na mafumbo ambayo mtafiti wa kigeni huyapita. Matoleo yake yatafutwe katika mkusanyo wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tukishafika Dar es Salaam, tuingie Upanga, kwenye jengo la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwanafunzi aje na barua ya utambulisho ya chuo, kitambulisho, penseli, na subira. Kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikishatimiza miaka 30, kwa hiyo asitarajie jalada la juzi. Humo yamo majalada ya Wajerumani yaliyobaki, majalada ya Waingereza, na vitabu vya wilaya. Hivyo vya mwisho navipenda na kuviogopa kwa kiasi kilekile. Wakati wa Gavana Donald Cameron, kuanzia mwaka 1925, serikali ilitaka kutawala kupitia machifu, na ili upate chifu ilikubidi upate historia ya uchifu. Basi mabwana shauri waliwaita wazee, wakauliza, wakaandika nasaba, mila na mipaka. Ni hazina. Ila kila mzee aliyejibu alijua kwamba jibu lake linaweza kumpa mtu kiti au kumnyang'anya, na nasaba nyingi zilinyooka siku ile. Anayenukuu kitabu cha wilaya ya Kigoma kana kwamba ni sauti ya Buha ya kale anatunukuu sisi tulivyobishana mwaka 1926.

Neno la vitendo kuhusu kutafuta majalada: mji uleule una sura nyingi kwenye orodha. Mjerumani aliandika Udjidji, na wilaya yake yote iliitwa hivyo, kwa hiyo habari za Kasulu za mwaka 1905 zimo chini ya Udjidji. Mfaransa aliandika Oudjidji. Katika sehemu kubwa ya utawala wa Mwingereza, Kigoma ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi lenye makao Tabora, basi anayetafuta "Kigoma" peke yake ataacha nusu ya karatasi. Watu pia: Rumaliza wa vitabu vya wamisionari ndiye Muhammad bin Khalfan el Barwani wa barua za Kiarabu. Mwinyi Kheri, aliyeongoza Ujiji kabla yake, ana tahajia nyingi kama walivyokuwa wengi wageni waliompitia. Andaa ukurasa wa majina kabla hujaomba jalada la kwanza.

Unguja isisahauliwe. Wafanyabiashara wa Ujiji walipeperusha bendera ya Sultani Barghash, walikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja kama Tharia Topan, na ugomvi wao ulifika kwa balozi wa Kiingereza John Kirk. Karatasi za ubalozi ule zimo kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani. Mara nyingi habari ya ziwani inapatikana humo kwa sababu mtu alidaiwa, na deni huandikwa kwa uangalifu kuliko vita.

Kisha kuna shimo la miaka mitano ambalo karibu kila tasnifu huliruka. Wajerumani walijenga reli ikafika Kigoma mwaka 1914, wakaunda meli ya Graf von Götzen hapahapa bandarini ikashushwa majini Februari 1915, wakaizamisha wenyewe Julai 1916 walipokimbia. Walioingia Kigoma na Ujiji hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo, nao walikaa hadi mwaka 1921. Karatasi za kipindi hicho ziko Brussels, katika zile zilizoitwa Nyaraka za Kiafrika za Wizara ya Mambo ya Nje ambazo zimekuwa zikihamishiwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, na zimeandikwa Kifaransa. Hata baada ya Mwingereza kushika nchi, Mbelgiji alibakiziwa eneo lake bandarini Kigoma, na lingine Dar es Salaam. Kwetu Kifaransa hakiko mbali. Kiko ng'ambo ya maji, Bujumbura na Kalemie. Mwanafunzi wa Kigoma mwenye rafiki Mrundi anayesoma Kifaransa ana nusu ya funguo za shimo hilo mkononi.

Kwa Wajerumani mambo yamerahisika kiasi. Majalada mengi ya Wizara yao ya Makoloni, yaliyoko Berlin, yamepigwa picha na yanasomeka kwenye intaneti. Kikwazo ni mwandiko wao wa zamani, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa.

Wamisionari wanastahili muda zaidi, kwa sababu moja tu: walikaa. Watu wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878. Mmoja wao, Thomson, akafa mwezi uliofuata. Edward Hore, baharia, alibaki ziwani karibu muongo mzima, na barua zake ziko SOAS, London. White Fathers wa Kardinali Lavigerie waliingia Ujiji Januari 1879, nao walikuwa na amri ya kuandika shajara katika kila kituo, siku kwa siku. Makao yao ya nyaraka yako Roma. Mtu anayeandika kila siku hana budi kuandika mambo madogo: leo mvua, leo mitumbwi minne kutoka Uvira, leo mtoto amekombolewa kwa vitambaa kadhaa, leo samaki hakuna. Mambo madogo hayo ndiyo mwanahistoria wa maisha ya watu anayoyalilia. Upendeleo wao uko wazi, walimwona kila Muislamu kuwa adui wa kazi yao, na kwa kuwa uko wazi unaweza kuupima.

Katika kundi hilohilo yupo mtu ninayetamani kila mwanafunzi wa mwambao huu amjue. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari Algeria, akasomea uganga Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kusini kwetu kwenye ufuko uleule. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Habari za maisha yake kwa maneno yake mwenyewe zilichapishwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Mwafrika aliyekuwa mtumwa, tabibu, aliyeishi kwenye ziwa hili kupitia Mjerumani, vita na Mwingereza, na akaandika! Bado tasnifu kuhusu afya mwambaoni huanza na daktari wa serikali.

Ziwa lenyewe ni hati. Cameron yule msafiri, si gavana, alipofika mwaka 1874 alidai kwamba mto Lukuga unatoa maji ziwani. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1876 alikuta mlango wa mto umezibwa na matope na mafunjo. Kisha kizuizi kikavunjika, na maji yakashuka takriban mita 10 ndani ya miaka isiyozidi 20. Hore alikuwapo akaandika ufuko ulivyokuwa ukihama. Mwanafunzi asimame penye jiwe la Ujiji, ageukie ziwa, ahesabu hatua hadi majini, kisha ajiulize soko la Kawele lilikuwa wapi, mitumbwi ilifungwa wapi, ardhi mpya iliyotoka majini ilikuwa ya nani, na nani aliigawa. Swali hilo la mwisho halimo katika kitabu cha msafiri yeyote. Linaweza kuwa limo kwenye kesi ya kiwanja, au kwenye kumbukumbu ya ukoo mmoja wa Wajiji. Hata Gombe ina hati zake: Jane Goodall alifika mwaka 1960, na tangu miaka ya 1970 wasaidizi wa utafiti, wengi wao wenyeji wa mwambao, wameandika kwa Kiswahili mwenendo wa sokwe siku baada ya siku. Mwanasayansi anasoma humo habari za sokwe. Mwanahistoria anaweza kusoma humo historia ya kazi ya kuandika.

Ndipo sasa tumfungue Stanley, na wenzake. Tutawasoma vingine. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Burton hoi kwa maradhi na Speke haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho. Maelezo yao ndiyo yanayonukuliwa kuliko yote kuhusu mji ule wa zamani, basi tuulize walimtegemea nani kuona na kusikia. Speke alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani. Neno la Mjiji lilitoka Kiha likapita Kiswahili, likapita Kihindustani, ndipo likawa Kiingereza. Livingstone naye ana tabaka tatu. Mwaka 1871, karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya kurasa za gazeti la The Standard kwa wino wa mbegu za porini, humo yakiwamo mauaji ya soko la Nyangwe, kule Manyema, ya tarehe 15 Julai. Baadaye alinakili kwenye shajara kubwa. Kisha Horace Waller akahariri na kuchapisha. Kurasa za gazeti zilififia zikawa hazisomeki, hadi watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipozipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuzitoa hadharani mwaka 2011. Matoleo hayafanani. Anayesoma la Waller peke yake anamsoma Livingstone aliyekwisha kuoshwa uso.

Na huyo Waller hakufanya kazi peke yake. Siku ile Ujiji, aliyetoka mbio kumlaki Stanley njiani na kumsemesha Kiingereza alikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na James Chuma na wenzao walibeba mwili wake hadi Bagamoyo. Katika msafara huo alikuwemo Jacob Wainwright, aliyeandika shajara yake mwenyewe ya safari, nayo ipo Scotland hadi leo na imewekwa kwenye intaneti. Mwaka 1874 Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakaketi na Waller, wakamsimulia na kumfafanulia, na sehemu ya mwisho ya kitabu kile imejengwa juu ya maneno yao. Mwanafunzi anayekifungua leo mjini Kigoma aanzie kurasa hizo za mwisho, akiwa na shajara ya Wainwright pembeni, na atenganishe mstari kwa mstari palipo na Waller na palipo na Susi.